Elodie wa Walungu

Kadutu, Bukavu
Jumatano, tarehe 15 Mei 2024

Papa mpenzi,

Assalam aleikum. Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya gunia la muhogo, nyuma ya chumba cha kusagia, na sisi wote hapa tunaamka salama, Alhamdulillah. Na wewe je, Papa? Kile kikohozi cha vumbi kimekuacha? Baridi ya asubuhi ya Walungu haikusumbui? Mama anakusalimia. Amisa naye ni mzima tangu fundi Papa Chrispin ambadilishie mkanda. Jana alisaga kuanzia saa moja mpaka saa kumi bila kulalamika, na wamama wa soko walisema amerudia usichana. Mvua imeharibu njia yetu ya kushukia. Juzi mubeba mizigo mmoja aliteleza na beseni la unga, akainuka mweupe kuanzia nywele mpaka viatu, na watu wote wa njiani wakaanza kumuamkia bonjour patron. Mwenyewe pia alicheka.

Utajiuliza kwa nini ninaandika na simu iko. Simu ya nyumbani ni ya kila mtu, Papa. Ujumbe wako wa sauti Mama huufungua kwa nguvu katikati ya wateja, na wateja wanakujibu kabla yake. Haya ninayotaka kukuambia sitaki wateja wayajibu. Kwa hiyo barua hii nitampa Tonton Dany, dereva wa minibasi, na nitamuapisha aitie mkononi mwako mwenyewe, si kwa mtu mwingine wa nyumba unayokaa.

Nianze na habari za shule, kwa sababu mambo yote yalianzia pale. Madame Adolphine, mwalimu wetu wa Kifaransa, alitupa exposé, kazi ya kutafiti na kueleza darasani, baada ya Pasaka. Alitaka kila mwanafunzi aeleze jinsi watu, tangu zamani hadi leo, wanavyovifanya vitu kuwa binadamu: wanavipa majina, wanavisalimia, wanavikasirikia, wanavionea huruma. Alisema tusiende kunakili mahali. Twende tukaulize watu wa kwetu.

Nilikwenda kwanza kwa Muzee Philémon, yule aliyeendesha lori njia ya Shabunda wakati wewe ulikuwa kijana. Lori lake liliitwa Adèle. Aliniambia kwamba kila asubuhi alikuwa akigonga mlango wake mara mbili kabla ya kufungua, kama unavyogonga kwa mtu. Siku patron, mwenye lori, alipotaka kumuuza, walishuka mpaka mtoni kuzungumza bei, kwa sababu huwezi kuzungumza bei ya mtu mbele ya masikio yake. Nilipomuuliza kama aliamini kweli kwamba Adèle anasikia, alinitazama kama mtoto asiye na adabu. Akasema yeye hakuwa mjinga, alijua kwamba ni chuma, lakini katika matope ya siku tisa bila mtu wa kuongea naye, chuma kilikuwa kinamtosha.

Kisha nilimuuliza rafiki yangu Merveille, maana yeye ana simu ile ya kisasa inayojibu maswali kama mtu. Ameipa jina la Tonton, yaani mjomba. Anaiuliza hesabu, anaiuliza mapishi, na isipomfurahisha anaitukana. Siku moja simu ilimjibu kwa heshima kwamba yenyewe si binadamu. Merveille akaiambia kwamba hiyo haiwezi kuwa sababu, kwani hata tonton wake wa Goma, akiombwa viatu vya shule, anajifanya si binadamu.

Darasani Madame alituuliza watu wanapata faida gani. Tulisema mengi. Yeye akaongeza jambo moja ambalo sikulipenda siku ile na ambalo halikunitoka tena kichwani. Alisema kitu kikishapewa jina la mtu, tunakisamehe makosa yake, na polepole tunaacha kuuliza maswali juu yake.

Papa, wewe unajua kwamba katika mambo haya nyumba yetu haina mpinzani. Niliandika kurasa tatu juu ya Amisa peke yake. Niliandika jinsi marehemu Babu Hadji alivyonunua mashine ya kwanza kwa bangili za Bibi, akaipa jina la Bibi ili asisahau nani alimvalisha suruali. Niliandika pia desturi yetu ya Idi, ambayo Madame alisema hajaisikia kwingine: kwamba kila mashine ya familia inafungiwa kipande cha kitenge kipya kiunoni, kwa sababu imekula nasi mwaka mzima na haifai ikae uchi siku ya furaha. Na niliandika kwamba tunayo mashine ya pili huko Walungu, jina lake Elodie.

Hapo kalamu ilisimama.

Juu ya Elodie sikuwa na hata mstari mmoja wa kuandika. Ni miaka miwili tunamtaja, tunamcheka, tunamtumia salamu, na hakuna kati yetu aliyewahi kumuona. Ulituambia ulimnunua kwa mkatoliki mmoja, na kwamba alikuja na jina lake, na mashine ukiibadilisha jina inanuna. Tulikubali. Nani atabishana na jambo kama hilo katika nyumba yetu?

Tungeendelea kukubali, kama usingemuomba Mama amuuze Amisa. Tangu mwisho wa Ramadhani unasema Elodie ameinama, kitako chake kimepinda, na lazima aletwe Bukavu anyooshwe haraka. Unasema njia ni moja tu, kumtoa Amisa kwa yule mfanyabiashara wa Nyawera. Lakini Amisa ndiye anayetulisha. Ndiye anayenisomesha. Nilijiambia kwamba kabla Bibi hajauzwa, ni haki yangu kujua anauzwa kwa ajili ya nani. Unisamehe, Papa, ndipo nilipoanza kukuchunguza.

Nilikumbuka kwamba Amisa anakula mikanda minne kwa mwaka, na chujio, na mafuta, na matusi yako. Elodie katika miaka miwili hajawahi kuomba hata boliti moja. Nilikumbuka Idi hii ya mwezi wa nne: Mama alikata nusu mita ya kitenge kile cha kijani chenye samaki wa njano, kama kila mwaka, nawe ukasema haitoshi, upewe mita mbili, Elodie amenenepa. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Akakukatia mbili, akasema wanawake wa Walungu wanalishwa vizuri. Mimi pia nilicheka. Baadaye nikajiuliza chuma kinanenepaje.

Ulisema tena kwamba anyooshwe mapema kabla hajazoea kupinda. Nilibeba neno hilo shuleni siku tatu. Chuma hakizoei, Papa. Kimepinda au hakikupinda.

Na nilikumbuka siku ya kwanza tuliyolisikia lile jina. Ulikuwa uani, simu iko sikioni, na sauti ya mwanamke ilikuwa inakuambia kwamba Elodie iko nalia tangu asubuhi na hataki kunyamaza. Mama alitokea mlangoni na sufuria. Wewe ukageuka ukasema ni mashine, nimenunua mashine Walungu, inalia vibaya. Nadhani ile ndiyo saa mashine ilipozaliwa.

Jambo lililonitisha kuliko yote ni dogo sana. Ukimtaja Amisa unakunja uso. Ukimtaja Elodie unatabasamu kabla ya kumaliza jina.

Nilikwenda kwa Papa Chrispin na daftari langu, nikijifanya ni kwa exposé tu. Alinieleza tabia za mashine zote za Kadutu kwa furaha: ile ya karibu na soko ni mvivu, ile ya Mama Christine ina wivu, ukianza kumtia jirani yake mafuta yeye anakataa kuwaka. Nilipomuuliza tabia ya Elodie, alichukua kitambaa akaanza kupangusa mikono. Aliipangusa mpaka nikaona aibu kumtazama. Mwishowe alisema ile hajaitwa kuigusa. Akasema tena kwamba mutoto wa shule aandike mashine zilizosimama, asitie mkono katika ile inayozunguka. Nilimshukuru na nikaondoka. Nilielewa kwamba anajua.

Sasa nakuja kwenye kosa langu. Tarehe moja ya mwezi huu, sikukuu ya wafanyakazi, wewe ulikuwa hapa nyumbani ukimngoja yule mtu wa Nyawera. Nilimwambia Mama ninakwenda kurudia masomo kwa Merveille. Nilidanganya. Nilipanda gari la Walungu, na Merveille akanifuata, akisema hawezi kuniacha nile mandazi ya njiani peke yangu.

Tuliposhuka niliwauliza wamama wanaouza muhogo mkavu mashine ya kusaga ya Elodie iko wapi. Walitazamana. Mmoja alisema yeye anamjua Elodie mmoja tu, na yule hasagi kitu isipokuwa miwa. Wote wakacheka. Nikasema basi labda wanamjua mwenyewe, Papa Abdulmajid, mfanyabiashara wa Bukavu. Hawakulijua jina. Nikawaeleza urefu wako, kofia yako, jinsi unavyotembea mikono ikiwa nyuma. Hapo yule mama akapiga makofi akasema si ungesema mapema, huyo ni Papa Elodie.

Hapa Kadutu hakuna anayekuita Abdulmajid. Tangu nizaliwe, wewe ni Papa Kulthumu. Nilisimama pale njiani na sikujua niweke wapi mikono. Merveille alinishika kiwiko, akaniambia polepole kwamba labda huko watu wanaitwa kwa majina ya mashine zao. Alitaka kunisaidia. Hakuna kati yetu aliyeamini.

Walituonyesha nyumba. Mbele ya mlango alikuwa amesimama mutoto wa kike, wa miaka saba hivi, anatafuna muwa. Alivaa gauni la kijani lenye samaki wa njano. Miguu yake imepinda kwenda nje kuanzia magotini, unajua, na alipotuona alikuja kwetu mbio akiyumba huku na huku, lakini mbio kweli. Akatuuliza tunamtafuta nani na kama tuna bisikuti.

Nilimwambia mimi ni Kulthumu, ninatoka Bukavu.

Papa, alicheka mpaka muwa ukamdondoka. Alisema haiwezekani, Kulthumu ni mashine. Ni mashine ya Papa wake kule Bukavu, inaharibika kila mara, ndiyo sababu Papa hawezi kulala Walungu siku zote. Na tena inakula sana, hasa mwezi wa tisa, mwezi wa tisa inamaliza kila kitu. Alinizunguka akinikagua mgongoni, aone nafaka inaingilia wapi. Alinigusa mkono, akauliza kama ninasaga mahindi pia ao ni muhogo tu.

Mwezi wa tisa ni mwezi wa minervali yangu, pesa ya shule.

Merveille, ambaye anacheka hata kanisani, hakucheka. Mama yake Elodie alikuwa ametoka na beseni la majani ya sombe. Watu wote wanasema nina paji la uso lako, na nadhani ni hilo alilolitazama. Aliweka beseni chini. Hakuuliza mimi ni nani. Aliniuliza tu kama mama yangu yuko hai, nikasema yuko, na jina lake Sifa. Ndipo akasema wewe ulimwambia kwamba Bukavu huna mtu, una mashine tu.

Jina lake ni Monique, unalijua kuliko mimi, lakini nataka ujue kwamba na mimi sasa ninalijua. Hakutufukuza. Alitupa maharage na ndizi, akatusindikiza mpaka barabarani. Alisema hatakuambia kwamba nilikuja, kwa sababu anataka kuona utasema mwenyewe siku gani. Ni wiki mbili leo. Elodie hakuahidi kunyamaza, na bila shaka alikuambia kwamba Kulthumu alikuja kumtembelea. Nadhani ulicheka.

Niliporudi siku ile ulikuwa unakula. Uliniuliza mbona sili, nikasema tumbo. Ulinisogezea kipande chako cha samaki. Nilikitazama na kuwaza kwamba mutu anayenisogezea samaki hapa, kule ananizima na kuniwasha. Nilikuchukia mpaka nikamaliza kuosha vyombo. Halafu nilikumbuka jambo jingine, na chuki ikanirudia mwenyewe.

Jambo hilo sijalisema kwa mtu, hata kwa Merveille. Wiki moja kabla ya safari yangu, Mama alikuwa karibu kukubali. Alikuwa anakuonea huruma. Aliniuliza mimi, kwa sababu nimesoma, kama amuuze Amisa. Nikamjibu kama mutoto mwenye akili nyingi: kwamba mashine iliyopinda haipotezewi kitu, inakatwakatwa inapelekwa kwa wanunuzi wa vyuma, na mtu ananunua nyingine iliyonyooka. Jioni ile ile Mama aliyarudia kwenye simu neno kwa neno. Ukanyamaza muda mrefu, mpaka Mama akatazama kama mtandao umekatika. Kisha ukasema sawa, na ukakata.

Mimi nilifurahia ule ukimya. Nilidhani nimekushika. Sasa ninajua ulichosikia, Papa, na ni mimi niliyekisema. Kila nikifumba macho namuona akija mbio na gauni lake, nami nasema akatwekatwe. Unisamehe. Sikujua nani niliyekuwa ninamzungumzia. Lakini wewe ulijua, na ulipendelea kulisikia neno lile na kunyamaza kuliko kusema ni mutoto.

Haya yote ningeendelea kuyafunga moyoni, kama si lililotokea jana. Mama ameamua kuja Walungu mwenyewe. Jumamosi hii anapanda gari la kwanza. Alisema Elodie amevaa kitenge chake Idi baada ya Idi, na haifai mtu wa familia ainame peke yake bila kwenda kumtazama. Akiona anaweza kunyooshwa, atafikiri upya habari ya Amisa. Amemuita Papa Chrispin aje na spana zake zote. Papa Chrispin alisema ana malaria. Mama akamjibu aje na malaria yake, wote watapata nafasi garini. Kuna siku mbili tu, na yeye anapiga pasi kitambaa cha kichwa.

Sikumwambia kitu. Kukuibia maneno yako si kazi ya binti yako. Lakini sitaweza kumuacha ashuke pale kwa wauza muhogo, na Papa Chrispin nyuma yake akibeba spana, aulize mashine ya Elodie iko wapi, na wamama wale wamjibu kama walivyonijibu mimi. Kwa hiyo ninakuomba, kama mutoto anavyomuomba mzazi wake: panda gari Ijumaa baada ya sala, uje umwambie wewe. Usipofika mpaka magharibi, nitamwambia mimi.

Atakasirika, Papa. Atalia, labda atakutoa nje na mkeka wako, na atakuwa na haki. Sitakutetea. Lakini kitu kimoja nimekifikiria sana, na ndicho kinachonipa moyo wa kuandika. Mama aliombwa amuuze Amisa kwa ajili ya chuma, akakataa, na mtu yeyote mwenye akili angekataa. Kwa ajili ya mutoto hajaombwa bado. Hakuna aliyemuomba. Ulimficha Elodie ndani ya mashine, na ile mashine ndiyo inayomzuia asinyooshwe miguu. Dokta anasema nini? Kuna muda kiasi gani kabla mifupa haijakomaa? Mimi sijui hata hayo, na ningependa uniambie.

Sina mengi zaidi. Muzee Philémon anakusalimia, na Merveille anakusalimia ingawa anasema bado hajaamua kama anakupenda. Umsalimie Mama Elodie, umwambie maharage yake yalitushibisha mpaka Bukavu. Na mutoto umsalimie kwa jina langu, umueleze kwamba Kulthumu ana miaka kumi na sita, anasoma, anaogopa panya, na mwezi wa tisa atajitahidi kula kidogo. Asiogope dokta. Akiletwa hospitali, nitalala naye mimi.

Mungu akulinde njiani. Funga koti, asubuhi ni baridi.

Ni mimi binti yako wa kwanza, dada mkubwa wa Elodie,

Kulthumu Abdulmajid